Chumvi ya Shule ya Kabichi

Tabea alikuwa mwoga, wala hakuna haja ya kumpamba. Aliogopa radi. Aliogopa nyati walioshuka kutoka msituni kunywa maji kijitoni. Aliogopa mchungaji akimtaja kwa jina mbele ya usharika. Alipokuwa msichana, mpiga picha mmoja alimwinulia kamera pale Daraja Mbili, naye Tabea akatimua mbio hadi kitambaa cha kichwa kikamdondoka, na hakurudi kukiokota. Mumewe Sumari, ambaye hakujua kuogopa, alimtania kwa jambo hilo ndoa yao yote.

"Mama Thomasi," alikuwa akimwambia, "wewe ukifa utaomba uzikwe karibu na mlango."

Lakini Sumari ndiye aliyetangulia. Kichomi kilimchukua msimu mmoja wa baridi, akazikwa juu kwenye kihamba, shamba la ukoo, kati ya migomba, yakapandwa masale, majani marefu ya heshima, kulizunguka kaburi. Thomasi, mwana wao wa pekee, alikuwa ameajiriwa Olmotonyi kuotesha miche ya misitu ya serikali. Alikuja kuzika, akarudi kazini. Tabea akabaki na nyumba, kahawa, ng'ombe wawili na kazi ya kukilinda kihamba hadi mwanawe atakaporudi kuoa. Ulinzi nao, kati ya watu wote wa ukoo, ukamwangukia yeye.

Kihamba chenyewe kilikuwa mteremkoni juu ya Maji ya Chai, na sehemu yake ya chini, ile tambarare inayofuata kijito, ilikuwa na shule. Baba mkwe wa Tabea, mzee Lesikar, ndiye aliyempa Mzungu wa kwanza mahali pale. Alimpa kwa kumkaribisha, si kwa kumgawia. Mzungu huyo watu walimwita Bwana Kofia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake kitupu. Alikusanya vijana wachache, akajenga banda la miti na udongo, akawafundisha kupanda kabichi na karoti na kuipogoa mibuni. Wameru walicheka mpaka mbavu zikawauma. Mtu mzima aende shule kusomea majani! Wakaiita Shule ya Kabichi, na jina likaganda.

Bwana Kofia alikuwa mtu wa kuuliza. Alipouliza jinsi ya kuishi na wenyeji, aliambiwa desturi. Mtu akikaribishwa kwenye ardhi ya mwenzake, kila mwaka baada ya mavuno hupeleka kitu kwa mwenye ardhi. Wengine hupeleka kibuyu cha pombe, wengine mkungu wa ndizi. Hakuna hotuba. Anayepeleka ndiye mgeni, anayepokea ndiye mwenyewe, na mwaka usiopelekwa kitu ni mwaka wa ugomvi. Kwa kuwa mzee Lesikar alikuwa amebatizwa na pombe ameiacha, walikubaliana iwe chumvi. Basi kila mwaka, kahawa ikishaanikwa, Bwana Kofia alipanda mteremko kwa miguu, mfuko wa chumvi begani, uso mwekundu, anahema, na mzee Lesikar alimpokea langoni kwa mikono miwili. Baada ya Lesikar alipokea Sumari. Baada ya Sumari alipokea Tabea, mara moja tu, mikono ikimtetemeka hata chumvi kidogo ikamwagika, na Bwana Kofia akajifanya hakuona. Kisha naye akazeeka, akaugua, akarudi kwao Uingereza.

Ilikuwa wakati huohuo ambapo Susana alikuja. Susana alikuwa dada yake Tabea, mkubwa wake, aliyeolewa Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima. Kila mtu Meru anayajua ya Engare Nanyuki. Serikali iliamua kwamba nchi ile ni ya walowezi, watu wakakataa kuhama, wakaja askari na malori. Nyumba zilichomwa moto, ng'ombe wakaswagwa, watu wakapakiwa na kupelekwa Kingori. Mume wa Susana hakuimaliza masika ya kwanza huko. Susana akatembea mpaka kwa mdogo wake, na furushi moja kichwani: sufuria, blanketi, kitabu cha nyimbo na nguo mbili.

Zamani alikuwa mwanamke wa vicheko, aliyeweza kuwavunja mbavu watu hata msibani. Sasa maneno aliyatoa kwa kipimo. Kilichomtisha Tabea ni lile furushi. Kila asubuhi Susana alilifungua akatumia vitu vyake, na kila jioni alivirudisha vyote ndani, akakaza fundo, akaliweka mlangoni na kulala kando yake bila kujifunika, kwa kuwa blanketi lilikuwa ndani.

"Dada, hapa umefika nyumbani," Tabea alimwambia. "Fungua vitu vyako."

"Hata kule nilikuwa nyumbani," Susana akajibu.

Tabea akamtafutia blanketi jingine. Lakini kuanzia hapo naye alijikuta anasikiliza malori. Lori likibadilisha gia kule chini kwenye barabara ya Moshi, wote wawili waliacha kutafuna mpaka lipite.

Mkuu mpya wa shule alikuwa kijana mrefu, mwenye haraka, na watu hawakuchelewa kumpa jina. Walimwita Bwana Kamba, maana hakwenda mahali bila kamba ya kupimia. Alikuja na habari kubwa: Shule ya Kabichi ingekuwa chuo. Yangejengwa mabweni ya mawe, maabara na ukumbi, na vijana wangetoka Bukoba, Songea, hata Uganda. Aliyezisambaza habari hizo mlimani alikuwa karani wa shule, Elimringi, Mchaga wa Machame, kijana wa kaptula iliyonyooshwa pasi hadi ikakata, aliyekipenda chuo hicho kabla hakijawa na tofali.

"Leo chuo, Mama Thomasi," alimwambia Tabea alipokwenda kuuza maziwa. "Siku moja kitakuwa chuo kikuu. Watu watasoma hapa mpaka waitwe madaktari wa mahindi!"

"Mahindi nayo yanalazwa?" Tabea akauliza. Kisha akakumbuka kuogopa. "Na hao watu wote watakaa wapi, baba?"

Elimringi akatazama mteremkoni. "Ndiyo Bwana anapima," alisema.

Kahawa ikaiva, ikachumwa, ikaoshwa, ikaanikwa. Chumvi haikuja. Tabea alifagia langoni kila siku, kama vile uchafu ndio uliomzuia mgeni. Akajiambia Mzungu mpya hajui. Akajiambia amesahau. Kilichomjibu ni vigingi. Alfajiri moja alikwenda kukata majani ya ng'ombe akavikuta vimepigwa katikati ya mibuni yake, vyuma vyenye rangi nyekundu, vimepanda kwa mstari kutoka shuleni, vikapita nyuma ya nyumba, na kimoja kilikuwa ndani ya masale ya kaburi la Sumari. Akamwita dada yake.

Susana alikuja, akakitazama kile kigingi cha kaburini, wala hakukigusa.

"Hivi ndivyo walivyoanza," alisema. Akarudi ndani, na jua halijapanda, akafunga furushi lake.

Chakula kilimshinda Tabea. Aliwaza nini hufanywa na mtu mdogo anayemwendea mkubwa kuomba, na jibu alikuwa nalo tangu utotoni: haendi mikono mitupu. Mambo ya ardhi yalikuwa ya wanaume pale langoni; yeye alikuwa jikoni akisikia sauti tu. Kwa hiyo alikata mkungu mkubwa kuliko yote, akajaza maziwa mgando kwenye kibuyu cha Sumari, akajitwisha, akateremka shuleni huku akiomba Mungu kila hatua.

Elimringi alimwona kutoka dirishani, akatoka barazani kumpokea, na alipouona mkungu ukiwa pamoja na kibuyu akasimama.

"Shikamoo, mama. Ndizi hizi za kuuza?"

"Marahaba, baba. Za Bwana mkubwa."

Elimringi akashusha sauti. Kwao Machame desturi ni ileile. "Mama, shemeji yako mzee Sadoki anajua kwamba umekuja?"

"Nipishe, mwanangu."

"Mama Thomasi, wewe ndiye wa kuletewa. Tafadhali rudi nyumbani."

Alimsikia. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye wako waliomtetea kwamba hakuambiwa. Alimsikia, akaelewa, na miguu ikataka kugeuka. Lakini kando ya mlango wa ofisi vilikuwa vimeegemezwa vigingi vingine, fungu zima, rangi yake bado mbichi. Tabea aliviangalia vile vigingi, akaingia.

"Bwana," alisema, macho kwenye viatu vya Mzungu. "Nimekuletea. Naomba utuache tukae."

Bwana Kamba hakujua alichopewa, ila alifurahi kweli. Tangu afike mlimani hakuna aliyekuwa amemletea hata yai. "Oo, mama! Asante sana! Ndizi mzuri sana!" Aliupokea mkungu kwa mkono mmoja. Akamwita mpishi amimine maziwa, na mpishi, kwa heshima, akakiosha kibuyu kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukirudisha. "Wewe kaa tu, mama. Hapana shida. Kaa!"

Basi Tabea akapanda kwenda nyumbani akiwa na ruhusa ya kukaa nyumbani, na Mungu amsamehe, nusu ya njia alikuwa na furaha. Kisha akakinusa kibuyu. Kibuyu kile Sumari alikuwa amekifukiza moshi kwa mkono wake, kikanukia moshi miaka yote, na sasa kilinuka sabuni ya watu wengine. Hapo ndipo alipokaa chini njiani, akaogopa upya, na safari hii alijiogopa mwenyewe.

Habari ilimfikia Sadoki kabla jua halijazama. Sadoki alikuwa mdogo wake Sumari, mzee wa kanisa, mtu wa sauti kubwa.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Niliogopa."

"Nani asiyeogopa? Mimi naogopa mpaka tumbo linaniuma! Lakini baba yangu alipokea. Kaka yangu alipokea. Wewe umekwenda kumfanya yule kijana mwenye ardhi, tena kwa kibuyu cha kaka yangu!"

Wazee wa ukoo wakakaa. Hawakumpigia kelele, na heri wangempigia. Walisema kupeleka mara moja kunaweza kuitwa ujinga wa mjane aliyechanganyikiwa. Akipeleka tena itakuwa desturi, na hakuna mzee atakayeweza kusimama mbele ya serikali na kusema kihamba ni cha Lesikar. Yeye na Thomasi na watoto wa Thomasi watakuwa wakaribishwa wa chuo. Asipeleke tena, hata aogope vipi.

Mwaka ule chuo kiliota kwa kasi. Mawe yaliletwa kwa malori, na kila lori lililokata kona kuingia shuleni lilimwinua Susana mahali alipokaa. Bweni moja likasimama, kisha la pili, mabati mapya yakawaka jua hadi yakaumiza macho ya watu wa juu. Ng'ambo ya kijito, mzee Meitamei alilipwa fidia akaambiwa ahame, na migomba yake ikakatwa kupisha uwanja wa mpira. Tabea alisimama akaitazama ikianguka, mmoja baada ya mwingine. Vigingi vyake vilikuwa bado mahali pake. Hakuna aliyeving'oa wala aliyevisogeza. Na Bwana Kamba, kila alipokutana naye njiani, alipunga mkono kwa bashasha.

"Mama! Ndizi lini?"

Tabea alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akaenda kutapika nyuma ya migomba.

Kahawa ilipovunwa tena, Elimringi alipita nyumba hadi nyumba na tangazo. Afisa wa ardhi angekuja kutembea mpaka pamoja na mkuu wa chuo, ili serikali ikipatie chuo hati ya mteremko huo. Angeuliza kila nyumba nani anakaa na kwa haki gani.

"Peleka ndizi," Susana alisema jioni hiyo. Ilikuwa muda mrefu hajatoa shauri.

"Sadoki kakataza."

"Sadoki hajawahi kupakiwa kwenye lori." Susana alikuwa akikaza fundo lake. "Sisi tulikataa, mdogo wangu. Tulikaa wima na haki yetu mdomoni. Walisubiri tumalize kusema, wakawasha moto. Peleka. Piga magoti ukitaka. Nyumba ikishaungua nani atauliza nani alipeleka na nani alipokea?"

Asubuhi ya siku yenyewe Tabea alikata mkungu. Alijaza kibuyu. Aliviweka mlangoni, akakaa kando yake, hajaamua kitu. Ukimuuliza, angekuambia ni mikono iliyokata. Alidhani watafika mchana na kwamba atapata nafasi ya kusali na kufikiri, lakini mara akasikia sauti langoni, na wageni wakawa uani.

Afisa alikuwa Mzungu wa makamo mwenye uso wa uchovu. Bwana Kamba alikuwa na kamba yake. Elimringi alikuja kutafsiri, na nyuma yao walisimama Sadoki na wazee wa ukoo katika makoti yao ya kanisani.

"Anauliza," Elimringi alisema, "nani anakaa hapa, na kwa ruhusa ya nani?"

Kabla Tabea hajafungua kinywa, Bwana Kamba aliuona mkungu mlangoni, uso ukamchangamka. Akaongea na afisa kwa Kiingereza, haraka na kwa furaha. Elimringi alitafsiri polepole, bila kumtazama mtu.

"Bwana anasema mama huyu ni rafiki wa chuo. Mwaka jana alimletea zawadi akaomba aachwe akae, na yeye akamruhusu. Anasema leo ameandaa nyingine."

Wazee wakainamisha vichwa. Sadoki akafumba macho. Bwana Kamba alikuwa tayari ameanza kuusogelea mkungu, mkono mbele.

Tabea aliinua macho akamwona Susana ndani ya mlango, mkono juu ya furushi, akimtikisia kichwa: toa. Ilikuwa kazi ya neno moja. Karibu, Bwana. Angesema hivyo, vigingi visingesogea, na angekaa mpaka afe. Angekaa kama mgeni. Thomasi angerudi kuoa kama mgeni. Na Sumari pale juu, ambaye hakuwahi kuomba ruhusa ya mtu, angelala kaburini mwake kwa hisani ya kijana mwenye kamba. Wazo hilo lilimtisha Tabea kuliko afisa, kuliko malori, kuliko moto. Msimsifu kwa ushujaa. Woga mmoja uliushinda mwingine, basi.

"Chumvi yetu iko wapi?" alisema.

Sauti ilikuwa ndogo. Elimringi aliisikia vizuri, lakini aliwatazama wazee, akasema, "Rudia, mama, wote wasikie."

"Chumvi yetu. Bwana Kofia alileta kila mwaka, hapa, langoni. Huyu hajaleta hata mara moja. Iko wapi?"

Elimringi akatafsiri. Bwana Kamba akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Afisa akauliza chumvi gani. Sadoki alikuwa ameshafumbua macho. Akapita mbele, akaeleza yote kwa sauti yake ile kubwa, akaonyesha kwa mikono jinsi baba yake alivyopokea, na wazee wakaitikia nyuma yake kila alipovuta pumzi. Afisa akamgeukia Bwana Kamba.

Kijana alivua kofia. Tumpe haki yake, hakuwa mwongo. Masikio yalimwiva, akasema maneno machache, na Elimringi akayatafsiri.

"Anasema Bwana Kofia alimwambia, siku ya kumkabidhi funguo, kwamba kuna chumvi ya kupandisha mlimani kila mwaka. Anasema alidhani ni ya ng'ombe."

Mzee mmoja akaangua kicheko peke yake, akakikatiza.

"Na mkungu huu?" afisa aliuliza.

"Wa dada yangu," Tabea alijibu. "Yeye ndiye mgeni wangu." Na kuanzia dakika ile ulikuwa wake kweli.

"Na ule wa mwaka jana?"

"Mwaka jana niliogopa."

Afisa aliutazama mlima. Siku zile serikali haikutaka kelele nyingine kutoka Meru, maana habari za Engare Nanyuki zilikuwa zimevuka bahari na kusemwa mbele ya mataifa. Mwishowe akatoa kauli. Vigingi vya juu ving'olewe. Chuo kibaki tambarare, kwa namna ileile kilivyokaribishwa, na chumvi iletwe, mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Elimringi alitafsiri kwa sauti ya shangwe, ila maneno ya mwisho aliyasema chinichini. Wazee walikuwa wameshaanza kupeana mikono. Tabea hayo ya mwisho ndiyo aliyoyasikia vizuri kuliko yote.

Siku chache baadaye dada hao wawili walikuwa uani wakichambua kahawa, mawingu yameufunika Meru hadi kwenye kahawa, waliposikia lori. Halikuwa barabarani. Lilikuwa linapanda njia yao, gia ya kwanza, likinguruma kati ya migomba. Tangu dunia iumbwe lori halikuwahi kupanda njia ile.

Susana alinyakua furushi akakimbia. Na Tabea, yuleyule aliyemdai Mzungu chumvi mbele ya wazee, alitupa ungo, kahawa ikatawanyika, akamtangulia dada yake mbio, wakajitupa nyuma ya masale ya kaburi la Sumari. Wakasikia injini ikizima. Mlango wa lori ukabamizwa. Miguu ya watu ikaingia uani. Susana alijijaza ncha ya khanga mdomoni asitoe sauti. Tabea alivuta pumzi akingoja harufu ya moshi.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya Elimringi. "Hodi, Mama Thomasi! Tumeleta chumvi!"

Hawakujitikisa.

"Uongo," Susana alinong'ona. "Hata kule waliita watu kwa majina."

"Mama! Bwana mwenyewe yuko hapa! Nimemwambia haiwekwi chini, lazima ipokewe!"

Tabea alichungulia kati ya majani. Langoni alisimama Bwana Kamba, kichwa kitupu, mfuko begani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mtu hupanda kwa miguu. Chuo kilikuwa na lori, akapanda na lori. Manyunyu yalikuwa yameanza, mfuko ukaanza kulowa, na mkono wa Mzungu ulikuwa unachoka. Ukianguka chini bila kupokewa, kila kitu kilichosemwa siku ile uani kingekuwa bure. Tabea alilijua hilo. Miguu haikujua. Akaanza kwa kutambaa, magoti na viganja kwenye tope, kisha akashika masale akasimama, akatembea mpaka langoni.

Alipokea kwa mikono miwili. Ilitetemeka, na chumvi kidogo ikamwagika.

"Mama, wewe lima?" Bwana Kamba aliuliza, akiyatazama magoti yake yenye tope.

"Ndiyo, Bwana," alisema. Elimringi, aliyekuwa ameiona kahawa iliyotawanyika na nyayo zilizoelekea migombani, aligeuka akajishughulisha na mlango wa lori.

Lilipoteremka, Tabea alichota chumvi kiganjani akampelekea Susana kulekule kaburini. Susana akailamba.

"Ni chumvi kweli," alisema, akakubali kurudi nyumbani.

Jioni walipika maharage, wakayala yamekolea. Kisha Susana akaanza kurudisha vitu vyake: sufuria, kitabu, nguo, blanketi la kwake. Tabea alimtazama, na safari hii hakumwambia kitu. Aliufungua mfuko, akamimina chumvi kidogo kwenye kipande cha kitambaa, akakaza fundo, akakiweka mlangoni kando ya furushi la dada yake.

"Ya nini hiyo?" Susana aliuliza.

"Wakija kutubeba," Tabea alisema, "watubebe na chumvi yetu."

Kule tambarare chuoni lori lilikuwa linarudishwa bandani. Wote wawili wakanyamaza wakisikiliza, mpaka injini ilipozimwa.